Mahali Sindano Ilipoelekea

Saa tatu asubuhi na bado ni usiku.
Ndivyo Desemba ilivyo kule kwetu, kaskazini mwa Uswidi,
katika mji ambao watu wake hula kwa chuma.
Tulivua mabuti mlangoni, tukaanika glavu kwenye hita,
darasa zima likanuka sufu iliyolowa.

Mwalimu Gunvor alimwaga mezani ndoo ya vitu:
misumari, funguo, kijiko, sarafu,
kifuniko cha mtungi wa jemu,
na pete yake mwenyewe ya ndoa.
"Kabla hujagusa, bashiri. Andika kwa wino."
Niliandika: sarafu itanasa. Haikunasa.
Niliandika: kijiko hakitanasa.
Kikarukia sumaku, ta!
Signe alipata yote, na akahakikisha tunajua.

Pete iligoma. "Dhahabu ina maringo," alisema Mwalimu,
akairudisha kidoleni, akaizungusha mara mbili.

Kisha karatasi, na sumaku chini yake,
na unga wa chuma katika kopo la pilipili manga.
Tulinyunyiza kwa mkono wa bahili.
Unga ukasimama kama manyoya ya paka aliyeona mbwa,
ukajipanga mistari, ikapinda kutoka ncha hadi ncha,
na hakuna aliyeupanga.

Niilo, ambaye hakuwa amesema neno tangu Septemba,
siku nyumba yao ilipopakiwa nzima nzima juu ya lori
kwa sababu ardhi ya mtaa wao ilianza kupasuka,
Niilo akainama, akapuliza.
Mistari ikavunjika.
Akagonga karatasi kwa ukucha. Ikarudi.
Akapuliza. Akagonga. Ikarudi.
Tulimwachia karatasi ile mpaka kengele.

Ncha mbili zinazofanana hazikutaka kukutana.
Tulizishindilia, tukauma meno,
na katikati palikuwa na kitu, laini na kigumu,
kama puto ambalo jicho halilioni.
"Pana nini hapo?"
"Hewa," alisema Signe.
"Toa hewa yote, bado zitasukumana."
"Sasa ni nini?"
Mwalimu akavuta pumzi.
Tulidhani atasema hata binadamu wako hivyo;
watu wazima hawawezi kuona kitu wasikitungie mawaidha.
Akasema: "Tunaita uga wa sumaku.
Jina tunalo, na hesabu zake tunazo.
Ukitaka kujua ni nini hasa,
niulize tena ukifika miaka thelathini."

Kesho yake, sindano.
Isugue kwa sumaku mara hamsini,
upande mmoja tu, kama unavyompapasa paka;
ukirudi nyuma umeharibu.
Niilo alihesabu midomo ikicheza bila sauti.
Kizibo, bakuli la maji, sindano juu yake.
Mabakuli manane, sindano nane,
zikayumba, zikatafuta, zikatulia
zote zikitazama dirisha,
si ukuta wenye ramani na herufi ya kaskazini.

"Zimekosea!" alisema Signe, karibu alie.
"Sindano haijui kukosea," alisema Mwalimu.
"Inasema kilichopo. Huko nje kuna nini?"
Nje kulikuwa na giza, na taa za mgodi mlimani.
"Chuma," tukasema. "Chuma kingi."

"Nyumba yetu ilikuwa huko,"
alisema Niilo.

Sauti yake ilikuwa imekwaruza kidogo.
Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu alikwenda dirishani,
akaupanga mkono wake sawasawa na sindano,
akafumba jicho moja.
"Kweli," alisema. "Kushoto kidogo tu."

Usiku ule nililala na bakuli kando ya kitanda.
Baruti ilipopigwa chini ya mji, kama kila usiku,
vikombe vililia kabatini,
maji yakakunjamana,
sindano ikapotea njia, ikazunguka, ikasita,
ikarudi palepale.

Nina miaka thelathini na minne.
Bado sijamuuliza.